Baruti Moja kwa Bastola Nyingi: Somo la Mwendo wa Kuungua

Katika njia panda ya Nyakanazi, wilayani Biharamulo, zinapokutana barabara za Kahama, Kigoma, Bukoba na Rusumo, neno "baruti" lina maana zaidi ya moja. Mzee mwenye gobore alitamkapo, ana maana ya unga mweusi unaoshindiliwa kwa mti ndani ya mtutu. Mchimba dhahabu ana maana ya kitu cha kupasulia mwamba. Askari wa hifadhi ya Burigi-Chato ana maana ya zile punje zilizofungiwa ndani ya ganda la risasi. Lugha imevitia vitu vitatu katika kapu moja. Sayansi huvitenga, na asiyejua tofauti yake aweza kupoteza mkono au macho.

Yafaa basi kuuliza: je, baruti ya aina moja yaweza kutumika katika bastola za vipimo mbalimbali? Swali hili huulizwa sana na walenga shabaha wa Marekani, ambako raia wengi hujaza upya maganda yaliyokwisha kutumika. Hapa Tanzania silaha na risasi zimewekwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na makala hii haikukusudiwa kufundisha kazi ya kujaza risasi. Swali lenyewe ndilo lenye faida darasani, kwa kuwa ndani yake mna fizikia na kemia ambazo mwanafunzi wa sekondari amekwisha kuzisoma bila kujua zinakokwenda.

Jambo la kwanza la kueleweka ni kwamba baruti ya bunduki haitakiwi kulipuka kama baruti ya mwamba. Inatakiwa iungue, tena kwa mpango. Katika baruti ya mwamba, mfano wa dinamiti aliyoibuni Alfred Nobel mwaka 1867, badiliko la kikemia hupita katika dutu kwa wimbi lenye mwendo wa kilomita kadhaa kwa sekunde. Mwamba hauna nafasi ya kusogea, hivyo hupasuka. Dutu ya namna hiyo ikitiwa ndani ya bunduki, kinachopasuka ni mtutu. Baruti ya bunduki huungua kutoka usoni kuingia ndani, tabaka baada ya tabaka, kama kuni. Haingoji hewa ya nje, kwa kuwa imebeba oksijeni yake yenyewe.

Kama ilivyo kwa kuni, ukubwa wa uso huamua haraka ya moto. Gogo huwaka usiku kucha. Likichanjwa vijiti, huisha kabla maji hayajachemka. Hesabu yake ni nyepesi. Mche wa sentimita 1 kila upande una uso wa sentimita za mraba 6. Ukikatwa kuwa miche midogo ya milimita 1, hupatikana miche 1,000 yenye uso wa jumla wa sentimita za mraba 60. Dutu ni ile ile na uzito ni ule ule, lakini uso umeongezeka mara kumi. Ndiyo maana watengenezaji huitoa baruti katika maumbo ya visahani, vitufe au vijiti, wengine vijiti hivyo wakivitoboa katikati, na mara nyingi hupaka punje dutu ya kuchelewesha moto.

Jambo la pili liligunduliwa na Mfaransa Paul Vieille, ambaye mwaka 1884 alitengeneza baruti isiyotoa moshi kwa kutumia nitroselulosi. Alionyesha kwamba mwendo wa kuungua huongezeka kadiri kanieneo, yaani msukumo wa gesi juu ya kila eneo, inavyoongezeka. Hapo ndipo palipo na hatari yote. Gesi huongeza kanieneo, kanieneo huharakisha moto, na moto huzidisha gesi. Kinachouvunja mzunguko huo ni kichwa cha risasi kinaposogea mbele na kuiachia gesi nafasi.

Sasa turudi kwenye bastola. Risasi ya milimita 9 iliyobuniwa na Georg Luger mwaka 1902 ina ganda dogo, na kanieneo yake ya juu inayoruhusiwa ni kiasi cha mara 2,400 ya ile ya hewa. Ile ya inchi .45 ni pana zaidi, lakini kikomo chake ni kama mara 1,400 tu. Ya inchi .38 ya mwaka 1898 ina kikomo cha karibu mara 1,150. Fundi wa matairi pale Nyakanazi hujaza tairi la lori hadi mara saba au nane, naye husimama mbali kidogo.

Msomaji ataona kwamba ganda kubwa si dalili ya nguvu nyingi. Ganda la .38 ni refu kwa sababu lilibuniwa kwa ajili ya baruti nyeusi, ambayo huchukua nafasi kubwa. Baruti ya kisasa yenye moto wa haraka hukaa chini kabisa ya ganda hilo, kama dengu chache ndani ya kikombe. Mjazaji akisahau na kutia mara ya pili, kipimo cha pili nacho huingia bila kumwagika, na jicho halitambui. Kwa hiyo wajuzi wa kazi hiyo huipenda baruti inayojaza zaidi ya nusu ya ganda, ili kosa la kurudia lijionyeshe lenyewe.

Mbona basi wasichague baruti ya moto wa polepole kabisa? Mtutu wa bastola ni mfupi. Risasi ikitoka kwa mita 350 kwa sekunde katika mtutu wa sentimita 10, safari yake ndani ya mtutu huchukua karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Baruti ya bunduki ndefu ingekuwa bado inaungua, na sehemu yake ingetapanywa nje kama mwanga bure. Risasi nayo ingetoka dhaifu, au ingekwama njiani; na ifuatayo, ikiikuta imeziba njia, hupasua mtutu. Aidha, bastola ya kujipakia huhitaji msukumo wa kutosha kuendesha mtambo wake.

Basi jibu ni ndiyo, kwa mipaka. Baruti ya moto wa wastani yaweza kuzifaa risasi kadhaa za bastola, lakini kila moja kwa kipimo chake, na kipimo hicho hutoka katika majedwali ya mtengenezaji aliyekipima kwa vyombo. Anayekisia kwa kulinganisha ukubwa wa maganda amekwisha kosea, maana uzito wa kichwa cha risasi na kina kilichozamishwa hubadili nafasi ya gesi.

Afrika Mashariki imewahi kujaza risasi upya kwa wingi. Mwezi Aprili 1915, meli ya Kijerumani Rubens ilishambuliwa na manowari ya Kiingereza katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Risasi nyingi zilizookolewa zilikuwa zimekaa majini. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba kwa miezi mingi watu wa Neu-Moshi, yaani mji wa Moshi wa leo, walizifungua, wakasafisha baruti, na baadhi wakazitia fataki mpya za aina nyingine. Zilizokataa kulia kwa kiasi cha 20 katika kila 100 zilipelekwa vitani. Zilizo mbaya zaidi zilibaki za mazoezi. Risasi nzima zisizoguswa na maji ziliwekwa akiba kwa bunduki za rashasha, kwa kuwa risasi moja isiyolia huusimamisha mtambo wote. Na hapo baruti ilirudishwa katika ganda la aina ile ile!

Gobore ni habari nyingine. Baruti nyeusi huacha zaidi ya nusu ya uzito wake kuwa moshi na masizi, si gesi, na mtutu wa gobore ulifuliwa kwa upole huo. Mtu atoaye baruti ndani ya risasi za kisasa na kuimimina katika gobore kwa kipimo kile kile cha mazoea ameutia mtutu kanieneo ambayo chuma chake hakiwezi kuihimili, tena shavu lake likiwa karibu.

Mwalimu apendaye kulionyesha somo hili asiguse baruti ya aina yoyote. Achukue sukari guru kipande kimoja, na kingine cha uzito ule ule kilichotwangwa, avitie katika vikombe viwili vya maji yenye joto sawa, wanafunzi wapime muda wa kuyeyuka. Kisha warudie kwa kipande kilichotobolewa katikati, na kuchora grafu ya kiasi kilichobaki kila nusu dakika.