Nguvu za Mwili Si Aina Moja



Katika vikundi tunavyotembelea kuna neno linalomtoa mzee kazini upesi sana: "Huyo hana nguvu tena." Likishasemwa, mama yule anapewa kazi ya kuketi kivulini na kulinda mikoba, na baada ya muda hata mkutanoni hafiki. Leo tunauliza: ni nguvu gani hiyo aliyoikosa?

Maana misuli ina nguvu za namna mbalimbali. Iko nguvu ya kuinua mzigo mzito mara moja, kama vile kumtwika mwenzako gunia. Iko nguvu ya kurudia, ile ya kupiga jembe asubuhi nzima. Iko nguvu ya kushikilia, pale wawili wanaposhika boriti juu huku fundi akitafuta msumari (na mafundi wengine hutafuta sana!). Halafu iko nguvu ya haraka. Hii ndiyo inayokuokoa mguu unapoteleza kwenye matope: lazima mguu wa pili ufike mbele upesi na kukushika kabla hujaanguka.

Mtu aweza kuwa tajiri wa nguvu moja na maskini wa nyingine. Ndiyo sababu hatukubaliani na wale wasemao, "Sisi ni wakulima, mazoezi ya nini?" Jembe linajenga hasa nguvu ya kurudia. Halikufundishi kuinuka upesi. Na miaka ikienda, nguvu ya haraka ndiyo hupungua mapema kuliko ile ya kuinua mzigo. Basi utamwona mama anayelima hadi saa sita, kumbe njia ya mtoni inamshinda. Akianguka na kuvunjika nyonga, shida ni ya nyumba nzima, si yake peke yake.

Tuanze kupima. Tafuteni kiti kigumu kisicho na mikono, urefu wake kama sentimita 43 kutoka chini, mkiegemeze ukutani kisiteleze. Mzee aketi katikati, nyayo chini, mikono akiikunja kifuani. Mwenye saa aseme "Anza." Mzee asimame wima kabisa, aketi, asimame tena, kwa sekunde 30, na mwingine ahesabu kila anaposimama. Akijisukuma kwa mikono, anaandikiwa sifuri. Mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akipata chini ya 12, au mwanamume wa umri huo chini ya 14, miguu yake imedhoofika na yuko katika hatari ya kuanguka. Kwa wenye miaka 70 hadi 74, ni chini ya 10 kwa mwanamke na chini ya 12 kwa mwanamume. Msimcheke anayeshindwa. Ni yeye hasa tuliyekuwa tukimtafuta.

Nguvu ya kushikilia hupimwa kwa kuegemea ukuta, magoti yamekunjwa kana kwamba umeketi, mkihesabu sekunde.

Kuhusu mzigo mzito, vijana watataka kushindana kwa gunia la kilo 90. Hapana! Migongo huharibika hivyo. Tumieni maji, kwa kuwa lita 1 ni kilo 1 na kila nyumba ina mtungi. Ongezeni maji kidogo kidogo mpaka mtu aweze kuuinua mtungi kutoka chini hadi kiunoni mara 10 vizuri, magoti yamekunjwa na mgongo umenyooka, lakini ya 11 imshinde. Uzito huo ni kama robo tatu ya uwezo wake wote. Aliyeinua kilo 15 mara 10, basi mwisho wake ni kilo 20 hivi.

Mtungi huo huo ndio mwalimu. Inua mara 8 hadi 12, pumzika, rudia. Ukifikisha 12 bila taabu, ongeza lita moja. Anayetaka nguvu ya kurudia apunguze maji na kuongeza hesabu. Kwa nguvu ya haraka, rudini kwenye kiti: simama upesi, kisha uketi polepole ukihesabu moja, mbili, tatu. Usizuie pumzi. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au mimba aulize zahanati kwanza, na anayesikia maumivu ya kifua aache mara moja.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wazoeze misuli siku 2 au zaidi kwa wiki. Pumzikeni siku moja katikati, maana misuli hujengeka wakati wa kupumzika, tena kwa chakula: maharagwe, omena, mayai, maziwa.

Wengine watasema mzee ni mzee. Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa ripoti juu ya wazee wa miaka 90 hivi, wakaaji wa nyumba ya kutunzia wazee, waliozoezwa miguu kwa vyuma vizito kwa wiki 8. Kwa wale waliomaliza, nguvu ya miguu iliongezeka zaidi ya mara mbili kwa wastani.

Basi katibu afungue ukurasa katika daftari la kikundi: jina, umri, hesabu ya kiti, lita za mtungi. Baada ya wiki 8 mpime tena, kwa kiti kile kile, na mapema kabla watu hawajachoka na shamba.