SOMO LA UJENZI: VILANGO VYA DIRISHA NA UKUTA WA UDONGO



Wengi wetu hapa Gisenyi, wa viwandani na wa mashamba ya chai, tunajenga kidogo kidogo kwa mshahara. Ukuta mwaka huu, mabati mwaka ujao. Dirisha huja mwisho, fedha zimekwisha, na hapo ndipo fundi anapopigilia vilango vya mbao kwa misumari minne na kwenda zake. Somo letu ni juu ya vilango hivyo vya nje, vinavyofungwa usiku kuzuia mvua, upepo wa Ziwa Kivu na mwizi. Aliye zamu ya usiku huwaacha watoto nyuma ya mbao hizo.

Tuanze na uzito. Kilango chenye kimo cha sentimita 120, upana 60 na unene 2.5, kikiwa cha mkaratusi mkavu, hufika kilo 12 hivi. Kikifunguliwa huning'inia kwenye bawaba mbili tu. Ya juu inavuta kutoka ukutani, ya chini inasukuma ndani. Kwa sababu hiyo bawaba ya juu ndiyo hung'oka kwanza, na upepo ukikipigapiga kilango kisicho na kulabu, huiharakisha.

Sasa tazama ukuta. Nyumba nyingi ni za rukarakara, yaani matofali mabichi ya udongo, zilizopakwa plasta ya saruji. Plasta hiyo ni nguo tu, sentimita 2 au 3. Skurubu inayoishia humo haikushika kitu, na udongo wa nyuma yake ukitobolewa ovyo huwa vumbi. Marekani wanalo jambo la namna hii: nyumba nyingi zimevikwa vibao vya plastiki, na vilango vyao mara nyingi ni pambo, havifungwi kamwe. Hata hivyo skurubu hupitishwa mpaka ifikie mbao za ukuta wenyewe, na tundu la plastiki hufanywa pana kidogo, kwa kuwa plastiki hutanuka juani. Ikiwa wao hawaamini vazi la nyumba kubeba pambo, sisi tutaliaminije kubeba kilo 12?

Kwa hiyo bawaba zifungwe kwenye fremu ya mbao, si kwenye ukuta. Na fremu nayo ishikwe. Kama bado unajenga, mwambie fundi aweke vipande vya mbao ngumu kati ya matofali, vitatu kila upande wa dirisha, ili fremu ifungwe humo. Kama nyumba imekwisha, toboa ukuta mzima, pitisha bolti ndefu, na upande wa ndani weka bamba la chuma pana kama kiganja ili nati isizame katika udongo. Nyumba ya mawe ya volkano ni rahisi zaidi: chimba tundu, lilowanishe, ingiza kishikizo cha chuma kilichofungwa kwenye fremu, jaza saruji 1 kwa mchanga 3, na usiguse kwa siku kadhaa.

Mbao mbichi zikatae, hata kwa bei ya chini. Zitapinda, na kilango hakitafunga.

Jambo jingine ni letu sisi tunaokaa chini ya Nyiragongo. Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 ardhi ilitetemeka kwa siku nyingi, na nyumba nyingi za Rubavu zilipasuka. Ukuta ukisogea, fremu hupinda na kilango hukwama. Acha nafasi ya nusu sentimita kuzunguka kilango, na komeo liwe la kufunguliwa kwa mkono kutoka ndani, si kufuli. Dirisha lenye nondo halitoki mtu. Basi dirisha moja la chumba cha kulala lisiwe na nondo zisizofunguka.

Kuhusu malipo: bakiza sehemu ya fedha za fundi. Siku ya kumaliza, fungua kilango wazi kabisa, kishike kwenye ncha iliyo mbali na bawaba, kiinue na kukishusha. Fremu ikicheza ukutani, au plasta ikidondoka, kazi haijaisha na fedha hazitoki.