Sabufa Inapokaa Kimya: Kuielekeza Sauti ya Kompyuta Mahali Unapotaka

Katika nyumba nyingi za Lushoto na Soni, kompyuta hutumika kuangalia filamu: picha hupelekwa kwenye televisheni kwa waya wa HDMI, na sauti hutarajiwa kutoka kwenye sabufa. Pengine picha huja vizuri lakini sabufa hukaa kimya, na mwenyewe hukata shauri kuwa imeungua. Kwa mkazi wa Mlalo au Mtae shauri hilo lina gharama. Ataibeba hadi Lushoto mjini au atateremka nayo Mombo, atalipa nauli ya kwenda na kurudi, kisha atamlipa fundi kwa ajili ya chombo ambacho huenda hakina ubovu wowote.

Waya wa HDMI, tofauti na ule wa zamani wa VGA, hubeba picha na sauti pamoja. Kompyuta ikiitambua televisheni, huihesabu kuwa spika mojawapo, na mara nyingi huifanya chaguo-msingi, yaani mahali ambapo sauti zote hupelekwa bila mtumiaji kuulizwa. Ikiwa umezima sauti ya televisheni ili usikilize sabufa, hutasikia chochote. Hali hii yaweza kujirudia umeme unapokatika na kurejea, jambo lisilo geni milimani, kwa kuwa vifaa huwaka na kutambuana upya.

Kwenye Windows 10 na 11, bonyeza alama ya spika iliyo kona ya chini kulia, fungua orodha ya vifaa iliyo karibu na kipimo cha sauti, kisha chagua spika zako badala ya televisheni. Usipoiona orodha hiyo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha bonyeza Enter. Dirisha litakalofunguka ndilo tunalolipendelea, maana linatoa ushahidi. Cheza wimbo, kisha tazama ni kifaa kipi chenye vijistari vya kijani vinavyopanda na kushuka kando yake: sauti inakwenda huko. Bofya spika zako kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague "Set as Default Device". Programu ya filamu iliyokuwa wazi huenda ikang'ang'ania njia ya awali. Ifunge na uifungue tena.

Ikiwa vijistari vinacheza kando ya spika zako na bado kuna kimya, chomoa waya wa sabufa kwenye kompyuta na uuchomeke kwenye simu yenye tundu la spika za masikioni. Sabufa ikilia, ni nzima. Isipolia, mwone fundi, na jaribio hilo lirudiwe mbele yako kabla hajafungua skrubu hata moja, hasa ikiwa dhamana haijaisha. Muuzaji anaweza kukikataa chombo kilichokwisha kufunguliwa na mtu mwingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kumwambia kuwa kifaa kizima kimeungua ni kumpotosha. Dai risiti inayotaja kilichobadilishwa, na uombe kukabidhiwa kipuri kilichotolewa.