Zaka ya Nyumba Moja Hutolewa na Watu Wawili

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia mambo yanayowagombanisha mume na mke: ulevi, wakwe, simu, kutoka nje ya ndoa. Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi hudhani haliwezi kuleta ugomvi kwa kuwa ni jema. Jambo hilo ni sadaka.

Tuchukue mfano. Mume ni mpishi katika hoteli moja ya Diani. Mkewe ni mama karanga huko Msambweni. Hununua samaki ufuoni, huwakaanga na kuwauza kando ya barabara. Jioni moja mume anashika simu ya mkewe na kukuta ujumbe wa M-Pesa: shilingi 1,000 zimekwenda kanisani. Karo ya mtoto bado haijalipwa. Mume anafoka, "Kumbe pesa ipo!" Mke naye anajibu, "Hilo ni jasho langu, nami namtolea Mungu. Wewe ulipotoa 2,000 kwenye harambee mbele ya watu, uliniambia?" Usiku huo wanalala wamepeana migongo.

Ndugu msomaji, jiulize: sadaka hizo mbili zilijenga nini katika nyumba ile?

ZAKA NI NINI?

Huku Kwale neno zaka si letu peke yetu. Majirani zetu Waislamu hutoa zaka, ambayo kwa mali ya fedha ni sehemu moja ya arobaini, mali hiyo ikiwa imefikia kiwango na kukaa mwaka mzima. Sisi Wakristo tukisema zaka twamaanisha fungu la kumi. Hesabu ni tofauti, lakini pande zote mbili zakiri kwamba mali si ya mwanadamu peke yake.

Katika Biblia, Abrahamu alimpa Melkizedeki fungu la kumi (Mwanzo 14:20), naye Yakobo aliahidi vivyo hivyo kule Betheli (Mwanzo 28:22). Tazama pia zaka hiyo ilikwenda wapi. Kila mwaka wa tatu iliwekwa mjini ili Mlawi asiye na urithi, mgeni, yatima na mjane wale washibe (Kumbukumbu la Torati 14:28-29). Kwa hiyo zaka ilikuwa chakula cha mtu mwingine. Anayekuambia kwamba zaka ni mbegu unayopanda ili uvune gari anakufundisha biashara.

Kanisa letu nalo linasemaje? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 222, inasema waamini wana wajibu wa kulisaidia Kanisa katika mahitaji yake, na pia wajibu wa kuwasaidia maskini kutokana na mapato yao. Katekisimu (namba 2043) inaongeza kwamba kila mmoja atoe kadiri ya uwezo wake. Kiwango cha moja ya kumi hakikutajwa hapo. Anayeweza kukifikia, Mungu ambariki. Asiyeweza asijione mwizi.

MITEGO MITATU

Mtego wa kwanza ni siri. Mtume Paulo anafundisha kwamba hata mwili wa mume ni wa mkewe, na wa mke ni wa mumewe (1 Wakorintho 7:4). Kama mwili si wako peke yako, mkoba utakuwaje wako peke yako? Wengine hujitetea kwa mjane aliyetoa senti zake mbili Hekaluni (Marko 12:41-44). Lakini yule alikuwa mjane, hakuwa na mume wa kushauriana naye. Wewe unaye.

Mtego wa pili ni kutoa cha mwingine. Yesu aliwakemea vikali watu waliokuwa wakisema mali yao imewekwa wakfu kwa Mungu, kumbe wanakwepa kuwatunza wazazi wao (Marko 7:9-13). Mume anayesimama kwenye harambee na noti mkononi huku mamaye mzee amekosa dawa, au mke anayetoa karo ya mtoto ili aonekane wa kwanza katika jumuiya, ameingia kosa lile lile. Yesu hakukataza zaka. Aliwaambia Mafarisayo waliohesabu mpaka mnanaa kwamba wafanye hayo pasipo kuacha haki na huruma (Mathayo 23:23).

Mtego wa tatu ni kupatana katika uongo. Anania na Safira walipatana vizuri sana kama mke na mume, lakini walipatana kuficha (Matendo 5:1-11). Petro alimwambia Anania wazi kwamba shamba lilikuwa lao na fedha zilikuwa zao, hakuna aliyewalazimisha. Kilichowaangamiza ni kutaka sifa ya kutoa vyote huku wamebakiza. Kinyume chao ni Akila na Prisila, mume na mke walioshona mahema pamoja, wakamkaribisha Paulo, na waamini wakakutana nyumbani mwao (Matendo 18:1-3, Warumi 16:3-5).

KUTOA NI SHULE YA NDOA

Sasa tufike kwenye kiini. Siku ya ndoa hamkupeana asilimia kumi. Mlijitoa nafsi zenu zima, mbele ya altare ile ile ambapo Kristo hujitoa kwetu katika mkate na divai. Tatizo ni kwamba baada ya miaka michache wengi huanza kuhesabiana: nilipika, nililipa kodi, nilimhudumia mama yako, wewe umefanya nini? Ndoa inageuka kuwa nipe nikupe.

Zaka inayotolewa na wawili huponya ugonjwa huo. Mume na mke wakikaa pamoja na kusema, "Sehemu hii si yako wala si yangu," wanajifunza kuachilia kitu bila kudai malipo. Na mkono uliozoea kufunguka kwa mgeni na yatima hauoni taabu kufunguka kwa mwenzi. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri.

Hapa kwetu tuna ushahidi. Agosti 1997 ghasia zilizuka Likoni, zikaenea hadi Ukunda na Diani. Watu wengi, hasa wenye asili ya bara, walifukuzwa majumbani mwao, na wengi wakakimbilia kanisa Katoliki la Likoni. Mtu anayeokoa roho yake haulizwi kama bahasha yake ya zaka ilijaa. Kanisa lile lilikuwapo kwa sababu wengine walitangulia kutoa, pasipo kujua lingekuja kumfaa nani. Hiyo ndiyo sadaka isiyotazamia kurudishiwa.

MFANYEJE NYUMBANI?

1. Kaeni pamoja mwisho wa mwezi, simu zote mbili mezani. Anzeni na sala fupi. Kila mmoja ataje alichopata.

2. Tengeni kwanza haki za wengine: chakula, karo, dawa, wazazi wa pande zote mbili, madeni. Kisha patanani mtatoa kiasi gani kwa Kanisa, na kiasi gani kwa maskini wa jumuiya yenu ndogo ndogo.

3. Fuateni msimu. Kusi inapovuma bahari huchafuka na samaki huadimika. Miezi ya masika wageni hupungua Diani, na vibarua wa hoteli hurudishwa nyumbani. Fungu linakwenda na pato: pato la 10,000 hutoa 1,000, na la 3,000 hutoa 300. Msikope ili mtoe.

4. Pasipo pesa, toeni jasho. Mwaka 2020 korona ilipofunga hoteli, familia nyingi hazikuwa na shilingi. Lakini kumchotea maji mgonjwa au kufagia kanisa hakuhitaji mshahara.

5. Mwenzi akikataa, au akiwa wa dini nyingine, usimwibie ili umtolee Mungu. Toa kidogo kilicho halali yako, tena kwa uwazi, na umwonyeshe kwa upole wako kwamba dini haimnyang'anyi kitu.

Wale wawili wa mfano wetu hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alitaka kutoa. Walikosa tu kutoa pamoja. Wangeketi dakika kumi kabla ya kutuma zile pesa, pengine wangelipa kwanza karo, kisha wangepeleka shilingi 300 kanisani zikiwa na baraka za wote wawili.

MASWALI YA KUJADILI MUME NA MKE

Je, mwenzangu anajua ninachotoa? Je, kuna mtu nyumbani anayekosa haki yake kwa sababu ya sadaka yangu? Ni nani maskini wa karibu ambaye mwezi huu tutamsaidia pamoja?

Kwa leo tuishie hapa. Mungu awajalie mikono iliyo wazi na nyumba yenye amani.