Mtoto Mlangoni Siku ya Idi na ya Bonane

Huko Marekani, usiku wa 31 Oktoba, watoto huvaa vinyago na kubisha milango wakiomba peremende. Kwetu Kamenge mambo hufanyika mchana, na bila vinyago: siku ya Idi, kwa ule uitwao pwani mkono wa Idi, na Bonane tarehe 1 Januari. Mtoto hupiga hodi, huamkia, hutakia heri. Kisha hupewa andazi au faranga mia.

Twasisitiza kwamba zawadi hupokelewa kizingitini. Mtoto asiingie ndani hata akibembelezwa. Mwenye nia njema humpa nje, mbele ya wenzake. Waende pamoja na mkubwa wao, warudi kabla ya magharibi, wala wasivuke peke yao barabara ya Bugarama, ambako malori huteremka kutoka milimani.

Na nyumba isiyo na kitu? “Mungu awajalie” yatosha. Kuizomea ni utovu wa adabu.

Lakini mtoto akipewa fedha nyingi kupita kawaida, au akiambiwa asimweleze mama, tupewe habari siku ileile, hata kupitia mkuu wa mtaa. Hatutauliza kwa nini alikuwa akiomba.