Dondoo muhimu: Kabla ya kununua krimu ya kung'arisha ngozi

Krimu unayoiona dukani Kilosa mjini au stendi ya Mikumi inaweza kuwa na zebaki, sumu inayoharibu figo na kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa macho au kwa kunusa huwezi kuijua.

Soma lebo hadi mwisho. Ukikuta "mercury", "calomel" au alama Hg, irudishe. Onyo la kutoigusisha krimu na pete ya dhahabu au fedha ni dalili ya kutisha, maana zebaki hushikamana na madini hayo. Isiyotaja viambato kabisa, achana nayo.

Mwenye duka, dai risiti na namba ya toleo kwa msambazaji. Bila hizo mzigo mbovu haufuatiliki.

Uhakika hutoka maabara. Kifaa cha eksirei hubaini zebaki kwa dakika chache, kisha maabara hupima kiasi. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, uliweka ukomo wa miligramu 1 kwa kilo, kisha ukapanga kuondoa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki kufikia 2025.

Vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019. Ukishuku, acha kupaka, usilitupe kopo katika Mto Mkondoa. Lipeleke kwa afisa afya likiwa na lebo yake.