Goku au Saitama? Vidokezo kwa Wabishi wa Nachingwea na Ruangwa

Msimu wa korosho ukichanganya, flashi hujazwa muvi na vibanda umiza hufurika. Ubishi wa timu ya Namungo ukipoa, unazuka wa anime: steringi gani ana nguvu zaidi, na nani ameshakuwa mungu? Kabla hujatoa mishipa ya shingo, pitia hapa.

1. Usiamini kipimo. Katika Dragon Ball, kazi ya Akira Toriyama iliyoanza kuchapishwa 1984, wavamizi kutoka anga za mbali huvaa kioo jichoni kinachosoma nguvu za mtu. Mkulima mwenye bunduki anasoma 5. Bosi wao Frieza, hata hajajibadilisha umbo, 530,000. Utamu wenyewe ni kwamba steringi Goku na wenzake wanajua kuficha nguvu zao, kwa hiyo wababe wanaingizwa mjini na mashine yao wenyewe. Baadaye Toriyama aliziacha namba, na nadhani alifanya vizuri.

2. Tazama nani kashika mizani. Mkulima wa huku hafundishwi hili: korosho zake hupangwa daraja kabla ya mnada wa chama cha ushirika cha RUNALI, na daraja ndilo linalobeba bei. Katika Solo Leveling ya Mkorea Chugong, wawindaji hupangwa kuanzia E hadi S, na aliyekwisha kupimwa kwa kawaida hapandi tena. Sung Jinwoo, E wa mwisho kabisa, ndiye anayepanda. Usishangilie tu, jiulize nani kamwekea mfumo unaompandisha, na anataka nini kwake. Saitama wa One-Punch Man naye alianzia daraja C, kwa sababu mtihani wa kuandika ulimwangusha!

3. Uungu huko ni cheo. Sisi tuliolelewa msikitini na kanisani tunashtuka kusikia mungu anapigwa ngumi. Tulia. Katika hadithi nyingi za Asia, miungu wako wengi: wanateuliwa, wanagawiwa maeneo, wana wakubwa juu yao. Sun Wukong, nyani wa riwaya ya kale ya Kichina Safari ya Magharibi, alipewa kazi mbinguni ya kutunza farasi. Alipogundua ni cheo cha chini, akasusa na kurudi kwake. Jina la Goku limetoka kwa nyani huyo. Na Beerus, mungu wa uharibifu katika filamu ya Dragon Ball ya 2013, anachafua sherehe ya watu kwa kunyimwa pudini.

4. Riwaya za Kichina: shika ngazi za mwanzo tu. Steringi hupanda kwa kukusanya nguvu, kisha kujenga msingi, kisha kiini cha dhahabu. Zinazofuata utazijua hukohuko mbele.

5. Uliza masharti. Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na mfano wake uko kusini kwetu. Mwaka 1904, huko Ngarambe, Umatumbini, Kinjikitile Ngwale alipagawa na pepo Hongo. Inasimuliwa kwamba alizama kwenye kidimbwi, watu wakamlilia, kesho yake akatoka nguo zikiwa kavu. Mwandishi wa anime angefungia episodi ya kwanza hapo! Dawa yake ilisambaa hadi kwa Wamwera na kwingineko, kwa ahadi kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Lakini ilikuja na miiko: usipore, usilale na mwanamke. Watu walipoanguka, wapo waliosema wamevunja miiko. Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905, vita ya Majimaji ndiyo kwanza imeanza. Ikaendelea bila yeye hadi 1907. Sasa rudi kwa Goku: ili awe Super Saiyan wa kimungu, mazoezi hayakutosha. Walihitajika Wasaiyan wenzake watano wenye mioyo safi wammiminie nguvu zao, na hata hivyo zilimwishia katikati ya pambano. Steringi akipewa uungu, tafuta mwiko wake na muda wake. Asipokuwa na vyote viwili, mwandishi kachoka.

6. Goku na Saitama usiwapambanishe. Goku anaishi kwa kutafuta mkali zaidi yake. Saitama, aliyebuniwa na mchoraji ajiitaye ONE mwaka 2009, ni mzaha dhidi ya hadithi za aina hiyohiyo: humaliza kazi kwa ngumi moja, kisha anaboreka. Kuna pambano moja ambamo anaingiwa na hofu ya kweli, na wala si kwa sababu ya adui. Amekumbuka kwamba leo ni Jumamosi, siku ya punguzo la bei dukani.